Shaaban Robert na Nchi Iliyo Angani

Majuzi nilialikwa na mwalimu mmoja, rafiki yangu, nizungumze na wanafunzi wa Kiswahili katika shule ya upili iliyo karibu na mtaa wa Makongeni, hapa Eastlands, Nairobi. Baada ya mazungumzo, kijana mmoja alinionyesha insha yake kuhusu Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Alikuwa ameandika kuwa mandhari ya riwaya hiyo ni mtaa wao. Jawabu lilikatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa neno moja: angani.

Aliyesahihisha hakukosea. Nchi ya Kusadikika inaelea hewani. Lakini je, kwa nini mwandishi aliitundika huko? Swali hilo haliwezi kujibiwa barabara bila kuyajua maisha yake.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama karani. Alianzia idara ya forodha, akapitia idara ya wanyama na ofisi ya jimbo la Tanga, akaishia katika upimaji wa ardhi. Kwa zaidi ya miaka 30 mkate wake ulitoka mikononi mwa wakoloni.

Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Karani wa serikali angewezaje kuitaja nchi yake kwa jina, kisha ailaumu? Naungana na wahakiki wanaoamini kuwa mandhari ya angani yalikuwa ngao. Nyuma ya ngao hiyo anasimama Karama, anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Karama halii wala haombi huruma. Anawataja wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mashauri mema, wakatupwa gerezani. Hoja yake hujengwa kwa mfano juu ya mfano. Dhamira nayo ni haki, hususan haki ya kusema.

Mwandishi huyuhuyu aliandika pia mambo ya kweli. Katika Maisha Yangu, kitabu cha mwaka 1949, alisimulia msiba wa kufiwa na mkewe, Amina. Katika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, alitufikisha Fumba, kijiji cha wafinyanzi. Fumba si mahali pa kubuni. Hata hivyo, kumwonyesha msomaji umaskini wa Fumba kabla ya sifa za Siti ni hoja tosha kuwa utu haupimwi kwa nasaba. Hivyo basi, wasifu nao unastahili kuulizwa habari za dhamira, mandhari na hoja, sawa na riwaya.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Kufikirika na Utubora Mkulima vilichapishwa akiwa tayari kaburini.

Narudi kwa yule kijana. Nilimwuliza sababu ya jawabu lake. Akanieleza kuwa mtaani kwao, anayeuliza maji yamekwenda wapi huitwa mchochezi. Kumbe alikuwa ameifuata hoja ya Karama mpaka mlangoni kwao! Kosa lake ni kuchanganya mahali hadithi inapotokea na mahali hoja yake inapotua. Kosa hilo hurekebishwa kwa dakika tano za mazungumzo, wala halihitaji kukatwa kwa kalamu.

Walimu wenzangu, miongozo inayouzwa madukani ina manufaa yake, lakini haiwezi kusoma kwa niaba ya mwanafunzi. Kabla ya kulikata jawabu lisilofanana na la mwongozo, tumwulize mwenye nalo kwa nini. Hata Karama, aliyeshtakiwa mbele ya mfalme, alipewa nafasi ya kujitetea.