MAISHA YA MCHORAJI EDWARD SAIDI TINGATINGA

Likizo ya mwezi wa Juni mdogo wangu wa kike, aliye darasa la pili, alinisumbua nimjengee mwanasesere wake nyumba. Nilimfanyia moja kwa sanduku la mbao, huko kwetu Mbeya, nikamwekea kitanda na meza. Akaikagua, akalalamika kuwa kuta hazina picha. Basi niliporudi shuleni hapa Iringa nikaanza kuchora picha ndogo ndogo za kutundika humo, na kwa ajili ya kazi hiyo nikasoma maisha ya Bwana Edward Saidi Tingatinga. Naona vema niwaeleze wasomaji, maana wengi wetu tukisikia tingatinga tunafikiri ile mashine ya barabarani tu.

Bwana Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji kinachoitwa siku hizi Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua, wakulima wasio na mali. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini siku zile. Kisha akahamia Dar es Salaam, akawa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja, na baada ya hapo akashika kibarua hiki na kile.

Hakuanza kuchora mpaka mwaka 1968, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka 36 hivi. Hakufundishwa shuleni, wala hakuwa na fedha za kununua rangi za wasanii. Alichukua mbao nyembamba za dari, zile za kushindiliwa kiwandani, akazikata mraba, akazipaka rangi ya baiskeli. Mara nyingi alichora mnyama mmoja tu, chui au tembo au ndege, akaujaza ubao wote, na nyuma yake rangi tupu. Picha ziliuzwa Oyster Bay, penye duka la Morogoro Stores, ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao. Wateja walipoongezeka akawaita jamaa zake, akina Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, akawafundisha. Mwaka 1970 alimwoa Bibi Agatha Mataka.

Mbao zake nyingi zilikuwa na upande wa yapata sentimita 60. Nyumba yangu niliijenga kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo picha yangu ilitakiwa kuwa sentimita 5. Hapo nilipata taabu. Rangi ya baiskeli ni nzito: doa la chui katika ubao mkubwa ni doa, katika ubao wangu ni bonge. Niliharibu tatu. Mwishowe nikaweka madoa kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, baada ya kuiacha rangi ya chini siku mbili, kwa maana baridi ya Iringa mwezi wa Julai haikaushi kitu upesi. Fremu nilikata kwa vipande vya msonobari nilivyopewa na seremala, kila pembe nyuzi 45.

Walakini nilikosa jambo moja. Chini ya chui niliandika E. S. Tingatinga, kama alivyozoea kuandika mwenyewe. Siku ya maonyesho mzazi mmoja aliishika, akadhani ni kazi ya zamani, akatoa noti. Nilinyamaza. Mwalimu aliponiuliza nani ameichora, ndipo nilipokiri mbele yake ni mimi, na noti ikarudi mfukoni. Uso ulinichoma, maana nilikwisha kusoma kwamba watu wengi wameandika jina hilo juu ya mbao ambazo mwenyewe hakuzigusa.

Yeye hakupata muda wa kuchora nyingi. Mwaka 1972 askari polisi waliokuwa wakifukuza wezi walimpiga risasi kwa makosa, akafariki. Hesabu basi: tangu 1968 ni miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wafuasi wao wakawa na chama chao cha ushirika. Mtindo huitwa kwa jina lake, lakini kila mchoraji huandika lake chini ya picha.

Nilikwangua jina kwa wembe. Limebaki kovu jeupe chini ya mguu wa chui, na herufi zangu mbili kando yake. Mdogo wangu ameitundika juu ya kitanda cha mwanasesere. Aliniuliza kovu lile ni nini, nikamweleza yote.