William Byrd: Mtunzi wa misa zilizoimbwa kwa siri

WAHENGA walisema mshika mbili moja humponyoka. Mwanamuziki William Byrd wa Uingereza alishika mbili kwa takriban miaka 50, na hakuna iliyomponyoka. Hadharani aliimba katika kanisa la malkia, na faraghani akatunga nyimbo za ibada ya Kikatoliki, ambayo serikali ya malkia huyo huyo ilikuwa imeipiga marufuku.

Byrd alizaliwa mnamo 1540 hivi. Mwaka wa 1563 aliajiriwa kuwa mpiga kinanda na msimamizi wa kwaya katika kanisa kuu la Lincoln, na mnamo 1572 akajiunga na waimbaji wa kanisa la kifalme. Huko alifanya kazi bega kwa bega na mtunzi mkongwe, Thomas Tallis. Mnamo 1575 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwapa wawili hao idhini ya pekee ya kuchapisha muziki kwa miaka 21. Nao wakamtunukia mkusanyiko wa nyimbo 34 za Kilatini.

Hata hivyo, nyakati hizo zilikuwa ngumu kwa Wakatoliki. Sheria ya 1559 ilimlazimu kila raia kuhudhuria ibada za Kanisa la Uingereza. Kuanzia 1581, aliyekataa alitozwa faini ya pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo kibarua hangezipata hata kwa mwaka mzima. Mnamo 1585 ikapitishwa sheria nyingine iliyofanya kuwepo nchini kwa padre aliyefunzwa ng'ambo kuwa uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Mkewe Byrd, Juliana, alianza kushtakiwa kwa kutohudhuria ibada mnamo 1577. Baadaye mtunzi mwenyewe pia aliandamwa na kesi. Mnamo 1592 malkia aliamuru kesi dhidi yake isitishwe.

Mwaka uliofuata au karibu na hapo, Byrd alihamia kijiji cha Stondon Massey, Essex. Jirani yake alikuwa Sir John Petre, tajiri Mkatoliki mwenye jumba la Ingatestone. Jumba hilo lina vyumba vya siri vilivyotumiwa kuwaficha mapadre, navyo vipo hadi leo.

Katika nyumba za aina hiyo kwaya kubwa haikuwezekana. Kwa hivyo, kati ya 1592 na 1595, Byrd alichapisha misa tatu: ya sauti nne, ya sauti tatu na ya sauti tano. Waimbaji watatu tu walitosha kuiimba misa nzima. Kila sauti ilikuwa na kijitabu chake chembamba, chepesi kufichwa. Vijitabu hivyo havikuwa na jalada, mwaka wala jina la mchapishaji, lakini jina la Byrd liliwekwa juu ya kila ukurasa.

Uchache huo wa sauti haukuupunguzia muziki uzito. Katika sala ya mwisho ya misa ya sauti nne, sauti mbili za juu zinaanza, na mwishowe zote zinaungana kuomba amani. Hapo sauti zinagongana na kutulia, zinagongana tena na kutulia, hadi utulivu unapopatikana. Kwa watu waliohofia kubishiwa mlango na askari, ombi hilo halikuwa desturi tupu.

Mnamo 1605 na 1607 Byrd alitoa vitabu viwili zaidi, vyenye nyimbo zaidi ya 100 za sikukuu za mwaka mzima. Hatari ilikuwa ingalipo. Mwishoni mwa 1605, baada ya njama ya kulipua bunge kufichuliwa, Mfaransa mmoja alifungwa gerezani Newgate kwa kupatikana na vijitabu vya Byrd.

Byrd alifariki Julai 4, 1623, akiwa angali katika orodha ya wanamuziki wa mfalme. Katika wasia wake wa 1622 aliomba afe akiwa Mkatoliki kamili.

Misa zake zilisahaulika kwa miaka mingi, hadi Richard Terry alipozifufua katika kanisa kuu la Westminster mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi zinaimbwa waziwazi na Wakatoliki na Waanglikana, mara nyingi na vikundi vya watu wachache tu, kama alivyokusudia mtunzi.