Walther Nernst: mtu aliyehesabu namna asidi inahama kutoka majini

Pale Ruashi, Lubumbashi, na kule Fungurume, shaba inatolewa ndani ya maji ya asidi kwa kuyachanganya na petroli, karibu sawa na ile ya taa, iliyotiwa dawa ya kushika shaba. Vikitulia, petroli inapanda juu na shaba yake, maji yanabaki chini. Hesabu ya kujua kitu gani kitahama na gani kitabaki ilipatikana miaka zaidi ya 30 kabla mgodi wa Kipushi haujafunguliwa mwaka 1924, tena haikuanzia kwa shaba. Ilianzia kwa asidi za mimea na chakula.

Walther Nernst alizaliwa tarehe 25 Juni 1864 huko Briesen, mji wa Prussia wakati ule, leo uko Poland. Baba yake alikuwa hakimu. Kijana alipata doktora mwaka 1887, kiisha akatumika Leipzig kwenye labo ya Ostwald, halafu akaenda Göttingen.

Wafaransa wawili, Berthelot na Jungfleisch, walikuwa wameonyesha mwaka 1872 kwamba kitu kikiwekwa kati ya maji na etha kinajigawa kwa kipimo kimoja. Shida ni kwamba kwa asidi zingine kile kipimo kilikuwa kinateleza: ukiongeza asidi, kinabadilika. Mwaka 1891 Nernst alieleza sababu. Alichukua asidi benzoiki, ile ya kuzuia chakula kisioze, akaigawa kati ya maji na benzeni (si benzini ya gari, hapana). Ndani ya maji chembe zake zinatembea moja moja. Ndani ya benzeni zinashikana mbili mbili. Ukihesabu zile za peke yake tu, pande zote mbili, kipimo kinarudi palepale.

Tangu pale, kuchagua solvanti, ni kusema kimiminika cha kuvuta kitu, hakukuwa tena kubahatisha. Asidi ya siki inapenda maji sana: benzeni inaivuta kidogo tu, etha inaivuta zaidi. Lakini etha inawaka moto upesi sana, na benzeni inaleta kansa ya damu. Tena ukitia soda ndani ya maji, asidi inageuka chumvi na haihami hata kidogo. Inabidi kwanza kutia asidi kali, sawa ile ya sulfuriki.

Hata pesa iko ndani. Tuseme solvanti inavuta mara mbili kuliko maji, na uko na lita moja ya kila kimoja, asidi gramu 100. Ukimimina solvanti yote mara moja, gramu 33 zinabaki majini. Ukiigawa nusu mbili na kurudia, zinabaki 25. Solvanti ni ileile, faida ni nyingine.

Nernst mwenyewe alijua pesa. Taa yake ya umeme aliiuzia kampuni ya AEG kwa marki milioni moja, na baadaye taa za aina nyingine zikaipita. Yeye alikuwa amekwisha kulipwa. Mwaka 1905 alihamia Berlin, akatoa sheria ya tatu ya joto, iliyompa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920.

Vita ya kwanza ilimharibia nyumba. Alitumikia jeshi, hata kwenye utafiti wa gesi za vita, jambo ambalo wanaomsifu wanapenda kuliruka. Watoto wake wawili wa kiume walikufa vitani. Kiisha Hitler alipoingia mwaka 1933, Nernst alistaafu. Hakupatana na watu wa ule utawala. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi, wakalazimika kukimbia nchi. Mzee alibaki kwenye shamba lake la Zibelle, na mabwawa yake ya samaki, mpaka alipokufa tarehe 18 Novemba 1941.