Lao She: Mtoto wa dobi aliyeiandika nyumba ya chai ya Beijing

Mgeni anayefika Beijing, mji mkuu wa China, akitaka kuona nyumba ya chai ya kizamani yenye maonyesho, mara nyingi huelekezwa eneo la Qianmen, kusini ya uwanja wa Tiananmen. Hapo pana nyumba ya chai iitwayo Lao She. Wateja huketi kwenye meza za mbao na kunywa chai yenye harufu ya asumini, na jukwaani huwa kuna waimbaji wa opera, wachekeshaji na waghani wenye ngoma.

Lao She mwenyewe hakuwahi kuingia humo. Hakuwa muuza chai wala mfanyabiashara, alikuwa mwandishi. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1988, miaka 22 baada ya kifo chake. Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani, kwa nini jina lake liliandikwa juu ya mlango wa nyumba ya chai, na ni yapi yaliyompata yeye aliyeandika juu ya watu walioogopa kusema.

Mtoto wa mtaa wa maskini

Jina lake halisi lilikuwa Shu Qingchun. Alizaliwa Beijing tarehe 3 Februari 1899, katika familia ya Wamanchu, kabila la wafalme waliotawala China wakati huo. Lakini kuwa wa kabila la wafalme hakukumaanisha utajiri. Baba yake alikuwa askari wa kawaida, na mshahara wake haukutosha.

Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane ya kigeni, yakiwemo ya Uingereza, Japani, Urusi na Marekani, yaliingia Beijing kwa nguvu. Baba yake aliuawa katika mapigano hayo. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Simulizi ya familia inasema kwamba askari wa kigeni walipoingia nyumbani kwao kupora, walimwaga vitu vya sanduku na kuliacha limepinduka juu ya mtoto aliyekuwa amelala. Hakulia, na hawakumwona.

Mama yake alibaki na watoto na hakuwa na mshahara wa mume. Alifanya kazi ya dobi, akifua na kushona nguo za watu kuanzia asubuhi hadi usiku. Hakujua kusoma. Hata hivyo, Lao She alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba katika walimu wote aliopata, mama huyo ndiye aliyemfundisha maisha. Tajiri mmoja aliyeifahamu familia alimpeleka kijana shule na kumlipia. Baadaye alisoma chuo cha ualimu kilichotoa masomo na chakula bure. Alihitimu mwaka 1918, na akiwa na miaka 19 tu akawa mkuu wa shule ya msingi.

Nyumba ya chai ilikuwa nini?

Ili kumwelewa Lao She, tueleze kwanza nyumba ya chai ya Beijing ya utoto wake. Haikuwa mgahawa tu. Ilikuwa baraza, soko na ukumbi kwa pamoja. Wafugaji wa ndege walikuja na vizimba vyao, wakavitundika na kuwasikiliza ndege wakiimba. Madalali walikutana humo na wateja. Waliogombana walipatanishwa mbele ya birika la chai. Asiye na kazi aliweza kukaa nusu siku kwa bei ya kikombe kimoja.

Baadhi ya nyumba hizo zilikuwa na mghani wa hadithi. Huyu aliketi nyuma ya meza ndogo akiwa na kipepeo cha mkono na kipande cha mbao. Alipotaka watu watulie, aligonga meza kwa mbao hiyo. Hadithi moja ya vita vya zamani iliweza kuchukua wiki nyingi, na mghani hodari alikatisha pale panaponoga ili wateja warudi kesho. Hata kumbi za opera ziliitwa bustani za chai, kwa sababu watazamaji walikaa wakinywa chai wakati wa mchezo.

Wengi wa wasikilizaji hawakujua kusoma. Historia ya nchi yao, visa vya mashujaa na mizaha dhidi ya wakubwa waliyapata humo, kwa masikio. Kijana Shu alikulia katika lugha hiyo ya mitaani, na ndiyo aliyoitumia alipoanza kuandika.

Kutoka London hadi kwa mvuta gari

Mwaka 1924 alikwenda London kufundisha Kichina katika chuo cha lugha za mashariki. Chuo hichohicho, katika miaka hiyo, kilikuwa kikifundisha Kiswahili chini ya mtaalamu Alice Werner. Kijana wa Beijing alikaa London miaka mitano, akasoma riwaya za Charles Dickens na kuanza kuandika zake. Mwaka 1926 riwaya yake ya kwanza ilianza kutoka katika jarida nchini kwake. Alichagua jina la Lao She. "Lao" maana yake ni mzee, neno la heshima na mazoea, na "She" ni sehemu ya herufi inayoandika jina la ukoo wake.

Alirudi China mwaka 1930, akafundisha katika vyuo vikuu vya mkoa wa Shandong. Mwaka 1931 alimwoa Hu Jieqing, ambaye baadaye alijulikana kama mchoraji. Mwaka 1936 aliacha ualimu ili aishi kwa kalamu, na akaandika kitabu kilichompa jina kubwa kuliko vyote, kisa cha Xiangzi, kijana kutoka shamba aliyekuja Beijing na kufanya kazi ya kuvuta abiria kwenye gari dogo la magurudumu mawili.

Xiangzi ana nguvu, haibi wala halewi. Anajinyima miaka mitatu ili anunue gari lake mwenyewe, asiwe tena mtumwa wa kulipa kodi ya gari la mtu. Analinunua, kisha askari wanamkamata na kulichukua. Anaanza upya, na mara hii akiba yake inachukuliwa na mpelelezi wa polisi. Mwisho wake ni wa kuhuzunisha, kwani mtu mwema anavunjika na kuharibika. Mwaka 1945 kitabu kilitoka kwa Kiingereza na kuuzwa sana Marekani, lakini mfasiri alikuwa amebadilisha mwisho ukawa wa furaha bila idhini ya mwandishi.

Vita na waghani wa ngoma

Mwaka 1937 Japani iliivamia China kwa vita kamili. Lao She aliiacha familia yake na kwenda Wuhan, kisha Chongqing, mji wa bara uliokuwa makao ya serikali wakati wa vita. Aliongoza kazi za chama cha waandishi waliopinga uvamizi.

Hapo alikabiliwa na swali ambalo watu wa redio tunalijua vizuri: utamfikishiaje habari mtu asiyesoma? Riwaya haiwezi kumfikia mkulima asiyejua herufi. Hivyo Lao She aliwaendea waghani. Alijifunza kanuni za nyimbo za masimulizi zinazoghaniwa kwa ngoma, akatunga mpya juu ya vita, na kuandika vichekesho vya watu wawili wanaojibizana. Msomi aliyefundisha London alikaa na wasanii ambao jamii ya zamani iliwadharau, akawa mwanafunzi wao. Baadaye, alipokuwa Marekani kuanzia mwaka 1946, aliandika riwaya nzima juu ya familia ya waghani wa ngoma waliokimbilia Chongqing.

Mama yake alifariki Beijing wakati wa vita, mwana akiwa mbali. Mkewe alibaki na jukumu la mazishi, kisha akasafiri na watoto njia ndefu hadi wakakutana naye mwaka 1943.

Mchezo wa miaka hamsini

Desemba 1949, miezi michache baada ya Wakomunisti kushika madaraka, Lao She alirudi Beijing kutoka Marekani. Alipokewa kwa heshima. Tamthilia yake juu ya mtaro mchafu uliosafishwa na serikali mpya katika mtaa wa maskini ilipendwa, na mwaka 1951 uongozi wa jiji ulimpa hadhi ya Msanii wa Watu. Aliendelea kuwasaidia wachekeshaji wa mitaani kupata maandishi mapya.

Mwaka 1957 alichapisha kazi inayohesabiwa kuwa bora kuliko tamthilia zake zote, Nyumba ya Chai. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na kundi la Sanaa za Watu la Beijing. Mchezo wote unatokea katika nyumba moja ya chai iitwayo Yutai, ukiwa na wahusika zaidi ya 60 na sehemu tatu. Ya kwanza ni mwaka 1898, wakati wa wafalme. Ya pili ni karibu miaka 20 baadaye, majemadari wakipigania nchi. Ya tatu ni baada ya vita na Japani kwisha mwaka 1945.

Mwenye nyumba ni Wang Lifa. Ni mpole, anasalimia kila mtu na kuwainamia wakubwa. Ukutani amebandika tangazo la kuwaomba wateja wasizungumzie mambo ya serikali. Kila sehemu ya mchezo inapoanza, herufi za tangazo hilo zimeongezeka ukubwa. Lakini ukimya haumwokoi mtu. Mteja mmoja mwadilifu anatamka tu kwamba anaona utawala wa wafalme unakaribia kwisha, na anakamatwa papo hapo. Msichana wa shamba anauzwa humohumo ndani ili awe mke wa towashi mzee wa ikulu, kwa kuwa baba yake hana chakula. Katika sehemu ya tatu mghani wa hadithi analalamika kwamba wasikilizaji wamekwisha.

Wang anajaribu kila njia, anapunguza, anapangisha vyumba, anabadilisha meza. Mwishowe wenye nguvu wanaitaka nyumba yake. Yeye na wazee wenzake wawili wanarusha hewani karatasi za mfano wa pesa, zile ambazo Wachina hurusha mazishini, wakijizika wenyewe wakiwa hai. Kisha Wang anaingia ndani na kujiua.

Agosti 1966

Mchezo ulipendwa na watazamaji, lakini wakosoaji wa kisiasa walisema unaomboleza mambo ya zamani. Uliondolewa jukwaani, ukarudi mwaka 1963, ukaondolewa tena.

Mwaka 1966 kiongozi wa China, Mao Zedong, alianzisha Mapinduzi ya Utamaduni. Vijana walioitwa Walinzi Wekundu waliwashambulia walimu, waandishi na wasanii wakiwaita maadui wa umma. Tarehe 23 Agosti, Lao She na wenzake kadhaa walipelekwa kwenye hekalu la Confucius jijini Beijing. Mavazi ya opera yalirundikwa na kuchomwa moto, na wasanii wakapigishwa magoti kuuzunguka moto huo na kupigwa. Lao She alikuwa na miaka 67. Aliumizwa kichwani, na baadaye akapigwa tena hadi usiku.

Kesho yake alitoka nyumbani. Mwili wake ulipatikana katika ziwa la Taiping, karibu na mtaa ambako mama yake aliwahi kuishi. Ilielezwa kwamba alijiua. Familia haikupewa majivu yake.

Mtu aliyekuwa ameandika juu ya nchi ambamo watu walinong'ona kwa hofu, aliangamizwa na hofu ya namna hiyohiyo chini ya utawala aliokuwa ameupokea kwa matumaini.

Chai inarudi

Mwaka 1978, baada ya Mao kufariki na siasa kubadilika, serikali ilimrudishia Lao She heshima yake na ibada ya kumbukumbu ikafanyika. Kwa kuwa hapakuwa na majivu, ndani ya kisanduku waliweka miwani yake, kalamu yake, brashi ya kuandikia, na chai ya asumini aliyoipenda. Mwaka 1979 Nyumba ya Chai ilirudi jukwaani, na mwaka 1980 ikapelekwa Ulaya.

Mwaka huohuo wa 1979, eneo la Qianmen, Yin Shengxi alianza na vijana wasio na kazi kuuza chai barabarani kwenye bakuli kubwa, senti mbili za Kichina kwa bakuli. Biashara ilikua. Mwaka 1988 alifungua ukumbi, akaupa jina la Lao She na kuwaita wasanii wa zamani wapande jukwaani. Wengi wao walikuwa wamenyamazishwa kwa miaka kumi.

Leo wateja wengi wa ukumbi huo ni watalii, na tiketi zake si za mvuta gari wala dobi. Lakini chini ya jukwaa bado utasikia ngoma ya mghani na mizaha ya wachekeshaji wawili, sanaa ambazo Lao She alizitungia maneno. Na ughani wa hadithi, ambao katika mchezo wake ulikosa wasikilizaji, ulipata makao mapya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mamilioni ya Wachina, wengi wao vijijini, waliusikiliza kila siku kwenye redio.