Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyetaka Chuo na Shule Pamoja



Katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan tunakumbuka kwamba wahyi wa kwanza aliopewa Mtume wetu (S.A.W.) ulikuwa ni amri ya kusoma. Kwa hivyo haifai kabisa Mwislamu kuwa adui wa elimu. Lakini elimu gani, na isomwe wapi? Swali hili linatusumbua mpaka leo. Mtoto yuko shule tangu alfajiri mpaka jioni, Jumamosi kuna tuisheni, na madrasa inabakiwa na saa mbili za Jumapili kama kuna nafasi. Wazazi wengine wameamua shule ndiyo kazi na madrasa ni ziada. Wengine wanaogopa shule itampoteza mtoto. Kabla hatujaendelea kubishana, hebu tumwangalie mtu wa hapa hapa kwetu aliyelishughulikia jambo hili zaidi ya miaka 90 iliyopita.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui ndio uliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, uliposhindwa na Seyyid Said wa Oman. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki Al-Amin akiwa bado mdogo. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanachuoni.

Baadaye alikwenda Unguja, ambako wakati huo ndiko kulikokuwa na bahari ya elimu katika pwani yetu. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni wawili ambao majina yao yanatajwa mpaka leo katika darsa zetu. Kwa hivyo asije mtu akadhani Sheikh Al-Amin alikuwa ni kijana aliyesoma magazeti mawili matatu kisha akaanza kuwakosoa wazee. La! Alisoma fiqhi, tafsiri na lugha ya Kiarabu mpaka akabobea.

Pamoja na hayo alikuwa akifuatilia yanayotokea duniani. Alisoma jarida la Al-Manar lililokuwa likitolewa Cairo na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Wanavyuoni hao walikuwa wakijiuliza: mbona Waislamu waliokuwa mbele kwa elimu sasa wako nyuma na wanatawaliwa? Swali hilo lilimwingia Sheikh Al-Amin moyoni.

HALI YA MOMBASA WAKATI ULE

Pwani yetu ilikuwa chini ya Waingereza. Wamishenari walitangulia kufungua shule, na Waislamu wengi waliwazuia watoto wao wasiende kwa kuogopa wataritadi. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani shule zile zilifunguliwa kwa nia ya kueneza Ukristo. Mwaka 1912 serikali ilifungua Shule ya Waarabu Mombasa, lakini hata hiyo haikumaliza tatizo. Wazazi walilalamika kuwa dini na lugha ya Kiarabu hazikupewa nafasi yake.

Matokeo yakawa makundi mawili. Kundi moja lilibaki chuoni, likihifadhi bila ya kujua yanayopita duniani. Kundi la pili lilikwenda shule likatoka na Kizungu na suruali, lakini kuswali halijui vizuri. Na kazi za ofisini zikachukuliwa na watu wengine. Waislamu waliokuwa wenyeji wa mji wakawa watazamaji.

SAHIFA NA AL-ISLAH

Sheikh Al-Amin hakukaa barazani kulalamika. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo liitwalo Sahifa. Aliliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo watu wa mji walizozijua kutoka chuoni. Mwaka 1932 alitoa jingine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Wakati ule wanavyuoni wengi waliandika kwa Kiarabu tu. Yeye alitaka mwenye duka, baharia na mama wa nyumbani nao waelewe.

Aliwaambia nini? Kwanza, kwamba kuiacha elimu ya kisasa ni makosa, na anayedhani Uislamu unaikataza hajaujua Uislamu. Pili, kwamba kuiendea elimu hiyo huku dini imeachwa nyuma ni makosa vile vile. Aliwakemea vijana waliowaiga Wazungu katika ulevi na mavazi, wakaacha kuiga yale yaliyowapa Wazungu nguvu: bidii ya kazi, umoja na kutafuta elimu. Yaani walichukua maganda wakaacha tunda.

Tatu, aliwageukia matajiri na wazazi. Pesa zinamiminwa katika maharusi, ngoma na karamu za matanga, lakini ikisemwa ijengwe shule ya Waislamu, kila mtu hana kitu. Nne, aliitaka dini na Kiarabu vifundishwe ndani ya shule zenyewe, visiachwe viwe vya kupachikwa baada ya mtoto kuchoka. Hata elimu ya watoto wa kike aliitetea, akiwaambia watu kwamba mama asiyejua dini yake hawezi kulea umma.

Maneno haya hayakuwafurahisha wote. Wapo wanavyuoni na wazee waliokasirika, hasa alipozigusa bid'a na mila walizozizoea. Alipingwa msikitini na mitaani. Lakini hakuacha kuandika, na wala hakuacha kuheshimiana na waliompinga.

KADHI MKUU

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Magazeti yake hayakudumu, kazi za ukadhi zilikuwa nyingi. Lakini kalamu hakuiweka chini. Aliandika vitabu vidogo vya kuwafundisha watoto dini kwa Kiswahili chepesi. Makala zake za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu kiitwacho Uwongozi.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa tafsiri ya Qur'ani. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Hebu fikiria: Waislamu wa pwani wana karne nyingi na Qur'ani, na tafsiri ya kwanza ya lugha yao inatolewa na padri! Sheikh Al-Amin akaona aibu hiyo haiondoki kwa kelele, itaondoka kwa kazi. Akaanza kuitafsiri mwenyewe. Hakujaaliwa kuimaliza. Sehemu aliyoiandika ilichapishwa Nairobi kuanzia mwaka 1980, zaidi ya miaka 30 baada ya kufa kwake, kwa juhudi za mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa naye Kadhi Mkuu.

MTOTO WAKE MWENYEWE

Ni rahisi kuwashauri watu kuhusu watoto wao. Sheikh Al-Amin alifanyaje na wake? Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alimpeleka shule ya serikali akasome Kizungu na hesabu, na huku nyumbani akimlea katika dini. Tamaa yake ilikuwa mtoto huyo aende Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni.

Mwenyezi Mungu alipanga mengine. Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, akiwa na miaka 56, na Ali akiwa na miaka 14. Kijana huyo hakwenda Azhar. Alikwenda Manchester, Columbia na Oxford, akawa Profesa Ali Mazrui anayejulikana dunia nzima, na popote alipozungumza aliutaja Uislamu kuwa ni nguzo mojawapo ya Afrika. Alipofariki Marekani mwaka 2014 aliletwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

TUNAJIFUNZA NINI?

Miaka minne baada ya kufa kwa Sheikh, mwaka 1951, ilifunguliwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, serikali na wengineo. Leo hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Tuna pia shule nyingi zinazosomesha masomo ya dini na ya serikali chini ya paa moja. Alhamdulillah, alilolililia limeanza kuonekana.

Lakini kazi haijesha. Kesi ya hijabu shuleni ilifika mpaka Mahakama ya Juu, ikaamuliwa mwaka 2019. Bado yupo mzazi anayelipa maelfu ya tuisheni bila kunung'unika, lakini ada ya madrasa humshinda, na maalim anakaa miezi hajalipwa. Bado harusi moja inakula pesa ambazo zingesomesha watoto kumi. Hayo hatukuletewa na serikali wala na wamishenari. Ni yetu wenyewe.

Vijana wenzangu, ukiwa form four au chuo kikuu usione haya na dini yako, na ukiwa madrasa usiidharau hesabu na sayansi. Na nyinyi wazazi, Ramadhan hii mkikaa kufuturu na watoto, waulizeni wamefika sura gani kama mnavyowauliza wamepata alama ngapi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, ailaze roho yake mahali pema, na atujaalie elimu yenye manufaa duniani na akhera. Amin.