Mwalimu Aliyepima Nchi kwa Hatua

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya wachezaji wala waimbaji, kwani hao wana watu wengi wa kuwasifu. Nitawasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa shule ya kijijini aliyeipima nchi kwa miguu yake mwenyewe, roho yake ikiwa mkononi. Jina lake ni Nain Singh Rawat.

Nain Singh alizaliwa mwaka wa 1830 katika bonde la Johar, Kumaon, kaskazini mwa India. Bonde hilo limo ndani ya milima ya Himalaya, karibu na mpaka wa Tibet. Kijiji cha kwao, Milam, kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na mto Gori Ganga unaanzia kwenye barafu iliyo karibu nacho. Upande mmoja unasimama mlima Nanda Devi, wenye urefu wa mita 7,816. Kwa wenyeji, mlima huo si jiwe na theluji tu. Ni mungu wa kike, nao humpenda kama binti yao aliyeolewa mbali. Mume wake, kwa imani yao, ni Shiva, anayekaa juu ya mlima Kailash huko Tibet.

Watu wa Johar walikuwa wachuuzi. Kila kiangazi walivuka milima wakiwa wamewabebesha kondoo na mbuzi magunia madogo ya nafaka, kisha wakarudi na chumvi na sufu. Basi Nain Singh alikua akijua lugha ya Kitibeti, desturi za Watibeti na baridi ya huko. Kati ya mwaka wa 1855 na 1857 alisafiri na ndugu wa Kijerumani wa ukoo wa Schlagintweit waliokuwa wakichunguza milima. Baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya Milam. Ndiyo sababu watu walimwita Pundit, yaani msomi au mwalimu.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakiitawala India na kuichora ramani yake. Lakini walipofika Tibet kalamu ilikwama! Nchi hiyo ilikuwa imewafungia wageni milango. Kapteni Montgomerie wa idara ya upimaji akapata wazo: kwa nini wasitumwe watu wa milimani wenyewe, ambao sura zao na lugha yao hazingetiliwa shaka? Mwaka wa 1863 Nain Singh na binamu yake Mani Singh wakachukuliwa na kupelekwa mji wa Dehra Dun kufunzwa.

Hebu sikilizeni mafunzo yenyewe. Alizoezwa kutembea kwa hatua zilizo sawa, awe anapanda au anashuka, hata hatua 2,000 zikawa karibu maili moja. Tasbihi ya Mbudha huwa na shanga 108, lakini yake ilikuwa na 100. Kila hatua 100 alisogeza ushanga mmoja, kwa hiyo akiizunguka yote amekwenda hatua 10,000. Ndani ya gurudumu la sala, mahali pa karatasi za maombi, alificha karatasi za vipimo. Sanduku lake lilikuwa na sehemu ya siri ya vyombo vya kupimia nyota. Zebaki aliitia ndani ya kauri, akaimwaga katika bakuli usiku ili imfanyie kazi ya kioo. Na kila alipochemsha chai alipima joto la maji, kwani kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Wanafunzi wenzangu wa fizikia, mnaona kwamba somo hili si la mtihani tu?

Mimi hutembea kwenda shule kila siku. Nilipoisoma habari hii nilihesabu hatua zangu kutoka nyumbani hadi langoni, nikapata 3,640. Kichwa kiliniuma. Sasa fikirini mtu aliyehesabu hatua zipatazo 2,500,000, huku akijifanya anasali!

Safari hiyo ilianza mwaka wa 1865. Walipozuiwa mpakani, Mani Singh alirudi nyuma. Nain Singh alibadilisha mavazi, akajiita mfanyabiashara, akaingia peke yake. Fedha zilipomwishia aliwafundisha wachuuzi hesabu ili apate chakula. Mwalimu ni mwalimu popote. Januari 1866 aliingia Lhasa, mji mtakatifu wa Watibeti. Huko aliona mtu akikatwa kichwa hadharani kwa kuingia mjini bila ruhusa. Je, ungekuwa wewe ungebaki? Yeye alibaki hadi Aprili, akijificha na kupima nyota usiku. Vipimo vyake ndivyo vilivyowaonyesha wachora ramani mahali mji huo ulipo na urefu wake kutoka usawa wa bahari.

Alirudi kwa kuufuata mto Tsangpo, akapita ziwa Manasarovar karibu na mlima Kailash. Mlima huo wa mita 6,638 ni mtakatifu kwa Wahindu, Wabudha, Wajaini na wafuasi wa dini ya Bon. Mahujaji huuzunguka kwa miguu, hawapandi kileleni. Mwaka wa 1867 alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Tibet, na kati ya 1874 na 1875 akatembea kutoka Leh hadi Lhasa na kutokea Assam. Mwaka wa 1877 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu. Alifariki mwaka wa 1882.

Nilipowasimulia wenzangu darasani, mjadala ulizuka. Wengine walisema, ati huyu si shujaa bali mpelelezi wa wakoloni, tena alitumia vyombo vya ibada kuwadanganya waumini. Siwezi kuwapuuza. Mwaka wa 1904 jeshi la Waingereza liliingia Lhasa kwa nguvu, na ramani humsaidia mwenye bunduki. Sisi tunaotoka katika nchi iliyotawaliwa twajua hilo. Lakini naona tutenganishe mambo mawili. Nia ya waliomtuma ni yao. Ujuzi, uvumilivu na ujasiri vilikuwa vyake, mwana wa wachuuzi, na kwa miaka mingi sifa zilikwenda kwa mabwana zake. Mwaka wa 2004 posta ya India ilitoa stempu yenye sura yake. Ni heri kuchelewa kuliko kukosa kabisa.

Biashara ya Johar ilikufa baada ya vita vya India na Uchina vya mwaka wa 1962, mpaka ulipofungwa, na nyumba nyingi za Milam zikabaki magofu. Hatua za mwalimu wao hazikufutika. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wenzangu, tusidharau hatua moja, wala tusimdharau mwalimu wa shule ndogo ya kijijini.