ASKOFU EDWARD STEERE, MGENI ALIYEKUBALI KUFUNDISHWA

Muhula huu mwalimu wetu wa Historia alitutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike, kila mmoja, maisha ya mtu aliyekufa zamani ambaye kazi yake tunaitumia hata leo. Wenzangu wengi walimchagua Sayyid Barghash, kwa kuwa ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini. Wengine walimchagua Siti binti Saad. Mimi nilimchagua Askofu Edward Steere, na baadhi ya wenzangu walishangaa. Basi kabla ya kusimulia habari zake, yafaa nieleze jinsi nilivyomfahamu.

Kwetu ni Masasi, kusini mwa Tanzania Bara. Nilikuja Unguja kuanza Kidato cha Kwanza kwa sababu mjomba wangu anafanya kazi bandarini Malindi. Siku ya kwanza nilisema bweni, nikaambiwa huku ni dakhalia. Nikasema shule, nikaambiwa skuli. Kila nilipofungua kinywa watu walicheka, hasa nilipochanganya r na l. Wakati wa chakula nilifanya ishara ya msalaba kama nilivyozoea nyumbani, nikaona meza nzima inanitazama. Siku ya pili nikasali kimoyomoyo, mikono yangu ikiwa chini ya meza. Hakuna aliyenikataza. Niliona haya mwenyewe.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kwa mjomba, nikazungumza na bibi yangu kwa simu na kumweleza upweke wangu. Bibi akaniambia kwamba Wakristo wa kwanza wa Masasi walitoka Unguja, na aliyewaongoza amezikwa Mkunazini. Akaniagiza niende nikalione kaburi lake. Nilikwenda Jumapili iliyofuata, pamoja na mwenzangu wa dakhalia, kijana wa Makunduchi, ambaye ni Mwislamu na ndiye aliyekuwa akinisahihisha matamshi bila ya kunicheka. Tulilikuta kaburi nyuma ya altare. Tangu siku hiyo nilianza kutafuta habari za mtu huyo.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London mpaka akapata shahada ya udaktari wa sheria, akawa wakili. Angaliweza kukaa mjini na kupata mali, lakini moyo wake ulivutwa na kazi ya Kanisa. Mwaka 1856 akapewa ushemasi na mwaka 1858 upadri. Alitumika katika vijiji vya wakulima na wavuvi vya Lincolnshire, mashariki ya Uingereza. Watu wa huko walimkumbuka kuwa padri asiyeona aibu kuvua koti lake na kushika kazi ya mikono.

Wakati huo Daktari David Livingstone alikuwa amekwisha kuwaomba vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza waje Afrika. Hotuba yake ya mwaka 1857 pale Cambridge ndiyo iliyozaa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA. Wamisionari wa kwanza walikwenda katika nchi ya mto Shire, ambayo leo ni Malawi, lakini homa na vita viliwamaliza. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa mwaka 1862. Mahali pake akawekwa William Tozer, rafiki yake Steere. Basi mwaka 1863 Steere akaacha parokia yake ili amsindikize rafiki yake. Mkewe alibaki Uingereza. Nia yake haikuwa kukaa miaka mingi. Alikuja kama mtu anayemsaidia mwenziwe kubeba mzigo mpaka mahali fulani, kisha arudi. Lakini mzigo ule hakuutua mpaka alipokufa.

Tozer aliona kwamba kule Shire haikuwezekana kuendelea, akaihamisha misheni Unguja mwaka 1864. Mji huu ulikuwa ndio mlango wa biashara ya Afrika ya Mashariki yote. Zilipita hapa karafuu, pembe za ndovu, na pia watu. Pale Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, ambapo wanaume, wanawake na watoto waliotolewa bara walipangwa safu na kukaguliwa meno na viungo kama wanyama. Sultani Majid aliwapa wamisionari wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, nao ndio wakawa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao alikuwa John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa ushemasi na Steere mwenyewe. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimpende mtu huyu. Steere alipofika Unguja alikuwa na miaka 36, daktari wa sheria, lakini hakujua kusema Kiswahili. Angaliweza kuwangoja watu wajifunze Kiingereza. Hakufanya hivyo. Alikaa chini akawa mwanafunzi. Aliwauliza wazee, wanavyuoni, wafanya biashara na watoto, akayaandika maneno waliyompa, akayapima, akarudi kuuliza tena. Nami niliyechekwa kwa r na l najua si kazi ndogo kukosea mbele ya watu kila siku, na kesho yake kurudi tena.

Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mkubwa mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi hapa Unguja. Sheikh huyu alikuwa mtu wa dini yake kweli kweli, naye Steere vivyo hivyo. Walibishana juu ya dini, wala hapana aliyemgeuza mwenziwe. Hata hivyo sheikh alijitolea kumsaidia kutia Zaburi katika Kiswahili safi. Nilipomsimulia mwenzangu wa Makunduchi habari hii, alicheka akasema kwamba basi sisi wawili si wa kwanza.

Matunda ya masomo hayo yalikuwa mengi. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na Steere akawafundisha wavulana kupanga herufi na kuchapa. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, kilichotumiwa na wageni kwa miaka mingi. Mwaka huohuo akatoa mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa. Humo imo hadithi ya Sultani Darai, ya Goso mwalimu, na ya punda wa dobi, ambazo bibi yangu alinisimulia Masasi bila ya kujua kwamba zilipata kuandikwa hapa Unguja zaidi ya miaka mia iliyopita. Tena alifasiri Agano Jipya na Kitabu cha Sala. Hata mwaka 1928, wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha kufundishia, walichagua Kiunguja. Sisemi kwamba Steere ndiye aliyekitengeneza Kiswahili. Kiswahili ni cha wenyewe, nao ndio waliomfundisha. Lakini vitabu vyake vilikuwa sababu mojawapo ya Kiunguja kujulikana mbali.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, akakaa tena katika parokia yake. Pengine alidhani kazi yake ya Afrika imekwisha. Lakini Tozer akadhoofika kwa maradhi, na mwaka 1872 Steere alirejea. Mwaka huo, mwezi wa Aprili, kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kubomoa majumba, hata ya misheni. Mtu mwingine angaliona hiyo ni ishara ya kuondoka. Steere alianza upya. Mwaka 1874 akawekwa kuwa Askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha kusafirishwa kwao baharini. Yafaa tukumbuke kwamba siku hiyo utumwa wenyewe haukukoma. Ulifutwa kwa sheria hapa Unguja mwaka 1897. Lakini soko la Mkunazini lilifungwa. Sehemu ya uwanja ule ilinunuliwa kwa ajili ya misheni, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanya biashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Steere alikuwa ndiye msimamizi wa ujenzi. Hakuwa fundi wa kusomea, lakini alikuwa na shauri la ajabu. Alitaka paa la kanisa liwe kuba refu la saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe. Watu walisema litaanguka. Halikuanguka, na mpaka leo lipo. Ibada ya kwanza ilifanywa Krismasi ya mwaka 1877, miaka minne tangu kuwekwa jiwe la msingi. Wanaotembeza wageni husimulia kwamba nguzo fulani karibu na mlango zilisimamishwa juu chini, Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mimi nimeziona. Inasimuliwa pia kwamba saa ya mnarani ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usiwe mrefu kuliko jumba lake.

Hapa nilisimama kidogo katika kuandika. Jina la Askofu limeandikwa penye kaburi lake. Lakini ni nani walioponda matumbawe, waliobeba maji, waliopanda kiunzini kwenye jua? Wengi walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na majina yao hatuyajui. Nje ya kanisa ipo sanamu ya watu watano waliofungwa minyororo, wamesimama ndani ya shimo. Nilipoitazama niliona kwamba kumsifu Steere bila ya kuwakumbuka hao ni kusoma nusu ya kitabu. Nadhani hata yeye asingalipenda, kwa maana alijenga pamoja nao.

Tena hakuona kwamba yafaa watu wale wakae Unguja milele. Wengi walitamani kurudi upande wa kwao. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliowekwa huru, nia yao ikiwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda ardhi, wakaomba wabaki. Askofu hakuwalazimisha kuendelea mbele. Wakajenga vijiji na kanisa. Hivyo ndivyo kwetu kulivyoanza kuwa na Wakristo, na ndiyo maana bibi alinituma Mkunazini.

Askofu Steere alifariki hapa mjini mwisho wa mwezi wa Agosti 1882, ghafla, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata Wangoni wakashambulia Masasi, watu wengi wakachukuliwa na vijiji vikaharibiwa. Lakini kazi haikufa. Waliosalia walianza tena, kama alivyoanza yeye baada ya kimbunga.

Ndugu wasomaji, nilipokuwa mdogo nilidhani imani ni jambo la Jumapili na la miujiza. Katika maisha ya mtu huyu sikuona muujiza. Niliona mtu anayeamka, anasali, anafundisha watoto, anasahihisha chapa, anapima saruji, anauliza maana ya neno, na kesho anafanya hayo tena, katika nchi isiyo yake, mbali na mkewe. Hakuificha imani yake, wala hakuwadharau wenyeji waliokuwa na imani nyingine. Aliwahitaji, akakubali kwamba anawahitaji.

Jioni ile tuliporudi kutoka Mkunazini niliketi mezani, nikaweka mikono yangu juu ya meza, nikafanya ishara ya msalaba. Mwenzangu wa Makunduchi alingoja nimalize, akasema bismillahi, tukala. Wengine walitazama kidogo, kisha wakaendelea na wali wao. Mwezi wa Ramadhani ulipofika nami nilisaidia kubeba ndoo za maji na kupanga sahani za futari, na nikaalikwa kula. Sasa nimekaa hapa miaka minne. Nasema skuli na dakhalia bila ya kufikiri, na nikienda likizo Masasi, huko ndiko wanakonicheka.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliotoka mbali, nasema hivi: usione haya kukosea, wala usione haya kusali. Atakayekusahihisha kwa upole mshike, maana huyo ndiye mwalimu wako. Na siku ya mapumziko nendeni Mkunazini mkalione kanisa lile, mziangalie nguzo zilizosimama juu chini, na mkumbuke mikono iliyozisimamisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV